Mistari mitano katika daftari la mpwa wangu

Jumapili ya kwanza baada ya matokeo ya mtihani wa Serikali kutangazwa, mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi, akiwa na daftari jipya ambalo alikuwa ameandika ukurasa mmoja tu. Alingoja tumalize bukari (ugali), akangoja tena mume wangu atoke kwenda kwa jirani kuangalia mechi ya Mazembe, ndipo akalifungua mbele yangu polepole, kama mtu anayefungua bahasha ya mshahara. Kulikuwa na mistari mitano: akiwa na miaka 18, diploma ya leta (cheti cha kumaliza sekondari); miaka 21, lisansi (shahada ya kwanza) ya usimamizi wa biashara; miaka 23, MBA (shahada ya uzamili ya biashara); miaka 25, meneja; miaka 30, mkurugenzi mkuu. Mstari wa kwanza alikuwa ameshauwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu. "Mama mdogo," akaniambia, "niangalizie kama kuna mstari unaokosekana."

Nilimwomba anipe juma moja. Ninamjibu hapa, mbele ya watu, kwa sababu katika miaka mitatu iliyopita vijana wasiopungua kumi wa mtaa wetu wameniletea swali hilohilo, wengine wakiwa na daftari, wengine wakiwa na mama zao.

Nimeisoma mistari ile mara nyingi, na kila mara naona kwamba inataja vitu atakavyopewa: karatasi, cheo, kiti, ofisi. Hakuna hata mmoja unaotaja kitu atakachodaiwa. Kwa jinsi ninavyoijua kazi hii baada ya miaka kumi na sita, kiongozi wa biashara ni mtu anayedaiwa: mwisho wa mwezi wafanyakazi wanamdai mishahara, mteja anamdai mzigo, benki inamdai rejesho, mwenye mali anamdai maelezo. Anayetaka kufika huko ajipange kwa kuuliza, katika kila hatua, ni deni gani amekwisha kuaminiwa nalo na ni deni gani kubwa zaidi anaweza kuaminiwa nalo baadaye. Vyeti vinaingia katika mpango huo, lakini vinaingia vikifuata mzigo, si vikiutangulia.

Babu zetu hawakuhitaji daftari la namna hii. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, miaka minne baada ya kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa, na kwa vizazi viwili au vitatu njia ya maisha ilichorwa na kampuni yenyewe: mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akakua kwa unga wa posho ya kampuni, na akionyesha akili darasani alifundishwa ufundi au ukarani ili ashike kazi ya baba yake au ya juu yake kidogo. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines, ngazi ilibaki ileile, tofauti ikiwa kwamba Mkongo sasa aliweza kuipanda hadi juu kabisa. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, mambo mengine mengi yakaporomoka pamoja nayo, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu na tani 30,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Siandiki haya ili kuwalilia wazee. Ninayaandika kwa sababu wazazi wengi wa Lubumbashi bado wanawapangia watoto wao maisha kana kwamba ile ngazi ipo, na mtoto anapoandika "miaka 25, meneja" anaamini kwamba mahali fulani pana mtu anayemtunzia kile kiti.

Leo kazi imetawanyika. Kuna migodi ya kampuni za Kichina, za Kiswisi, za Kikanada. Kuna kampuni za usafirishaji zinazoishi kwa barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Kuna mamia ya kampuni ndogo zinazouza vipuri, zinazolisha wafanyakazi, zinazolinda mageti. Mikataba ni ya miezi sita au ya mwaka mmoja, na mtu anaweza kubadilisha mwajiri mara nne kabla hajafikisha miaka 40. Kinachohamishika kutoka kampuni moja hadi nyingine ni kile unachokijua, pamoja na watu walio tayari kushuhudia kwamba ulipewa mzigo ukaufikisha.

Juu ya mstari wa pili sina ugomvi mkubwa. Tangu vyuo vyetu vianze kuingia katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), mwaka wa masomo wa 2021-2022, lisansi ni ya miaka mitatu na kredi 180, ilhali sisi tulisoma miaka mitatu ya graduat kwanza, kisha miwili ya lisansi. Mpwa wangu anaweza kweli kumaliza akiwa na miaka 21, ikiwa mwaka wa masomo hautavutwa kama mpira, jambo ambalo kila mwanafunzi wa nchi hii analijua. Ninachompinga ni sababu ya kuchagua somo. Amechagua usimamizi kwa sababu neno hilo linanukia amri. Mimi ningependa achague uhasibu na fedha, au, kwa kuwa hesabu zake ni nzuri kuliko zangu, uhandisi. Katika migodi ya huku wakuu wengi walianzia kwenye madini au mitambo, wakajifunza fedha baadaye. Kujifunza fedha ukiwa mhandisi wa miaka 30 ni kazi ngumu inayowezekana. Kujifunza metalijia, elimu ya metali, ukiwa mkurugenzi wa miaka 40 sijaona aliyefanya.

Akibaki na uhasibu, ana faida moja ambayo wazee wake hawakuwa nayo. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara yenye nchi 17, na hesabu za kampuni zetu zinaandikwa kwa mfumo wa SYSCOHADA, ambao toleo lake lililorekebishwa linatumika tangu mwaka 2018. Maana yake ni kwamba akaunti namba 41 ni wateja, 40 ni wauzaji tunaowadai au wanaotudai, 52 ni benki, 57 ni sanduku la fedha, na mtu aliyezoea kuzisoma Lubumbashi anaweza kukaa mbele ya vitabu vya kampuni ya Dakar au ya Moroni akaelewa ni wapi fedha zimelala. Wanafunzi huzikariri namba hizi kwa ajili ya mtihani na kuzisahau mwezi wa nane. Ningemshauri azikariri kama anavyokariri majina ya wachezaji.

Nitoe mfano, kwa sababu hapa ndipo nimeona wakurugenzi wenye vyeti vizuri wakizama. Chukua kampuni ndogo inayopata oda ya vipuri kutoka mgodini. Inanunua kwa dola 80,000 kutoka kwa muuzaji wa Afrika Kusini na itauza kwa dola 100,000, kwa hiyo faida ni dola 20,000, na siku ya kusaini kila mtu ofisini anatabasamu. Muuzaji anataka nusu kabla ya kuanza kutengeneza, na nusu nyingine siku ya kupakia, baada ya majuma matatu. Lori linapita Zimbabwe na Zambia, linasimama Kasumbalesa, linafika siku ya 45 likiwa na bahati. Mteja analipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Fedha zinarudi siku ya 105, yaani baada ya miezi mitatu na nusu, na ikiwa mishahara ya kampuni ni dola 6,000 kwa mwezi, dola 21,000 zimekwisha kutoka kabla ya hundi kuingia, bila kuhesabu kodi za mpakani wala riba ya benki. Kitabu kinasema kampuni imepata faida. Sanduku linasema halina kitu. Mwenye kuiona hali hii siku ya kwanza atamwomba mteja malipo ya awali, au atamwomba muuzaji muda, au ataikataa oda, na kuikataa oda ya dola 100,000 mbele ya tajiri wako kunahitaji ujasiri ambao hautoki katika hotuba za uongozi. Unatoka katika kuwa na hesabu zako mkononi.

Sasa nifike kwenye mstari wa tatu, ambao ndio ulioniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe niliutembea.

Nilipokuwa na miaka 24, nikiwa na lisansi na kazi ya miezi mitano tu, nilijiandikisha MBA ya kusomea kwa intaneti katika shule moja ya nje ambayo sitaitaja. Nililipa kwa akiba yangu na kwa mkopo wa kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo hunikumbusha kwenye misiba na harusi. Walitutumia visa vya kampuni kubwa vya kujadili: mkurugenzi ana wafanyakazi 4,000 na viwanda viwili, je, afunge kipi? Wanafunzi wenzangu, watu wa miaka 35 wa Abidjan na Casablanca, walijibu kwa kukumbuka kiwanda walichowahi kukifunga au mtu waliyewahi kumwachisha kazi. Mimi nilijibu kwa kukumbuka ukurasa wa 112. Nilipata alama za kutosha, na baada ya mwaka mmoja nikaacha, kwa sababu umeme, fedha na hamu viliisha kwa wakati mmoja. Shule ile haikunidhulumu. Ilinifundisha majibu ya maswali ambayo maisha yalikuwa bado hayajaniuliza, na kitu cha namna hiyo hakikai kichwani.

Kilichonifundisha uongozi mwaka uleule kilikuwa tangi la mazutu (dizeli). Nilikuwa msaidizi katika depo ya kampuni moja ya magari makubwa, na siku hiyo mkuu wangu hayupo, likaja lori la kuleta lita 5,000. Jua lilikuwa kali, dereva alikuwa na haraka na maneno matamu, karatasi ilikuwa na mihuri yote, nikasaini. Sikupima tangi kabla wala baada. Kesho yake mzee wa depo alichukua fimbo ya kupimia, akaizamisha, akaitazama, akaifuta, akaizamisha tena, kisha akanionyesha bila kusema neno. Palipaswa kuwa na lita 5,800. Palikuwa na 5,390. Lita 410 zilikuwa zimepita mikononi mwangu kwa saini yangu, na hakukuwa na mtu wa kumsingizia.

Niliketi nje ya ofisi ya tajiri tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu, nikiwa nimeandika kwenye karatasi mambo matatu: nini kimetokea, kimegharimu kiasi gani, na nini kitafanyika kila lori linapoingia tangu siku hiyo. Hakunifukuza. Alinikata sehemu ya mshahara kwa miezi minne, kisha akaniambia utaratibu niliouandika ni mimi nitakayeusimamia. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa mkuu wa depo ile. Mwajiri wangu wa pili aliponiuliza kwa nini anichukue, sikumwonyesha cheti. Nilimweleza habari ya fimbo na tangi, akacheka, kwani yeye pia alikuwa na yake ya aina hiyo.

Mpwa wangu atasema hayo ni mambo ya watu wadogo, na kwamba wakubwa hupita njia nyingine. Basi tuwatazame wakubwa. James Mwangi wa Kenya, ambaye jina la benki yake tunaliona hata hapa Lubumbashi tangu Equity ilipoinunua BCDC mwaka 2020, alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi na akawa mhasibu mwenye sifa kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliingia Equity, wakati huo chama kidogo cha mikopo ya nyumba kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho madeni yake yalikuwa yamezidi mali zake. Hakuenda kukaa kwenye kiti kilichotandikwa. Alikwenda kushika fedha za taasisi iliyokuwa ikizama, na ilichukua takriban miaka kumi kabla haijageuzwa kuwa benki kamili mwaka 2004. Mary Barra naye alianza General Motors mwaka 1980 akiwa na miaka 18, akikagua sehemu za magari kiwandani ili alipie masomo yake ya uhandisi wa umeme. Alipata MBA ya Stanford mwaka 1990, akiwa tayari amefanya kazi kwa miaka kadhaa, na kwa ufadhili wa kampuni yake. Kiti cha mkurugenzi mkuu alikikalia Januari 2014. Kati ya kukagua sehemu za magari na kiti kile ni miaka 34, na ndani ya miaka hiyo aliwahi kusimamia kiwanda kizima na kuwa mkuu wa watumishi wa kampuni yote. Mpango wa mpwa wangu una miaka kumi na miwili na haupiti kiwandani hata siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo daftari limelinyamazia, nalo ni watu. Nilipopewa depo nilikuwa na miaka 26 na watu kumi na mmoja chini yangu, na mkubwa wao, yule mzee wa fimbo, alikuwa na umri wa baba yangu. Nilimwita papa mbele ya wote, na sikuacha kumwita hivyo hata siku niliyolazimika kumwambia kwamba amejaza kadi za stoki za siku tatu kwa kukumbuka badala ya kuhesabu. Mazungumzo hayo tuliyafanya peke yetu, nyuma ya rafu za matairi, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa sababu Kifaransa kingemfanya ajisikie yuko mbele ya hakimu. Nimewaona vijana waliorudi kutoka shule nzuri wakiwakusanya mafundi asubuhi na kuwasomea malengo ya mwaka kwa Kifaransa safi. Mafundi wakaitikia kwa vichwa, wakaenda zao kufanya walivyofanya jana. Anayetaka kuongoza Lubumbashi aweze kueleza karatasi ya mshahara kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mpaka mlinzi wa geti aelewe kwa nini amekatwa. Hilo halifundishwi popote ninapopajua, na linaokoa migomo.

Kiingereza nacho asikichelewe. Tunasoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi chuo, kisha tunatoka mlangoni na kukuta kwamba muuzaji wa Johannesburg, wakala wa Ndola kule Zambia, mkataba wa mgodi na kitabu cha mtambo vyote viko kwa Kiingereza. Mimi nilianza nikiwa na miaka 27, jioni, nikiwa nimechoka, na kwa miaka miwili nilisaini barua ambazo nusu yake niliikisia. Mpwa wangu anataka kujifunza Kichina. Ni wazo zuri, na ninamwambia lisubiri mpaka aweze kuandika barua ya madai kwa Kiingereza bila kutafutiwa maneno.

Hivyo basi MBA nisiifute, ila niisogeze. Shule zinazojulikana duniani zenyewe hutaka mtu aliyekwisha fanya kazi kwa miaka kadhaa, na mwalimu anapouliza darasani, wanaofaidi ni wale wenye kitu cha kueleza. Ada ya shule kubwa za Marekani kwa miaka miwili inapita dola 100,000, bila chakula wala kitanda. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni nyumba, au ni mtaji wa kampuni, kwa hiyo iwe na sababu. INSEAD ya Ufaransa inaimaliza kwa miezi kumi. Kuna mtu anayehitaji MBA kwa sababu amekuwa mhandisi kwa miaka minane na sasa anapewa bajeti ya idara nzima. Huyo aende, na mwajiri wake amsaidie kulipa kama inawezekana. Kuna mwingine ambaye kinachomfaa ni sifa ya uhasibu: kwa mfano ACCA ya Uingereza, yenye mitihani 13 ambayo mtu anaweza kupunguziwa kadhaa kutokana na masomo aliyokwisha fanya, na ambayo haimkubali mtu kuwa mwanachama kamili mpaka awe na miezi 36 ya kazi inayothibitishwa na msimamizi wake. Napenda sharti hilo la miezi 36. Hata ufadhili wa Chevening, unaolipia mwaka mmoja wa shahada ya uzamili Uingereza, unadai masaa 2,800 ya kazi kabla ya kuomba, na unamtaka mtu arudi kwao baadaye kwa miaka isiyopungua miwili. Wanaotoa fedha wanafahamu kile ambacho daftari la mpwa wangu halikifahamu.

Nataka pia aielewe vizuri sheria ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni moja huipa nyingine izifanye, ya tarehe 8 Februari 2017, kwa sababu inahusu maisha yake kuliko anavyodhani. Sheria hiyo imezitenga kazi hizo za kampuni kubwa, ili zifanywe na kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo. Nia ni nzuri. Katika mji wetu imezaa pia kitu kingine: kampuni zenye jina la Mkongo kwenye hati na mkono wa mtu mwingine kwenye sanduku, ambapo mwenye jina huitwa kusaini na kupewa bahasha. Kijana mwenye lisansi, suti na Kifaransa kizuri, ambaye hajawahi kuhesabu stoki wala kudai ankara iliyochelewa, ndiye hasa wanayemtafuta kwa kazi hiyo, na watamwita mkurugenzi mkuu hata kabla ya miaka 30. Mstari wa tano wa daftari unaweza kutimia kesho asubuhi kwa namna hiyo. Siku kodi itakapodaiwa, au mteja atakapoishtaki kampuni, jina lililo kwenye hati ndilo litakaloitwa, naye hataweza kueleza hata lori moja lilikwenda wapi.

Mtu anayeweza kuendesha kweli kampuni ya sutretansi, ya watu thelathini au sitini, anayejua bei ya tairi Ndola na siku ambazo benki hulegeza mkopo, bado ni adimu hapa. Mimi ninaisaidia kampuni ya namna hiyo kutembea, nikiwa mkuu wa shughuli zake, na tukitangaza nafasi ya msimamizi wa manunuzi tunapokea barua nyingi kuliko tunavyoweza kusoma, karibu zote zikiwa na neno uongozi katika aya ya kwanza. Tunapowaita watano kwa mahojiano ninawapa swali moja: nieleze kitu kilichoharibika ukiwa wewe ndiye mwenye kukijibia. Wengi hunieleza makosa ya mtu mwingine.

Mpwa wangu alirudi jana. Hakulichana daftari kama nilivyoogopa. Alipiga mstari wa wima katikati ya ukurasa na juu ya safu mpya akaandika "Nitadaiwa nini". Mbele ya lisansi ameandika: kufunga hesabu za duka la mama kila mwezi, bila kukosa, mpaka nimalize chuo. MBA imesogea hadi miaka 30, na alama ya kuuliza pembeni. Mbele ya mkurugenzi mkuu hakuna kitu bado, na umri ameufuta. Tulibishana kidogo juu ya uhandisi, ambao hautaki, nami nimeacha.

Kabla chuo hakijafungua anaanza staji (mafunzo ya kazini) Jumatatu ijayo, katika depo ya vipuri kwenye barabara ya Likasi. Nimempa buti za usalama za mume wangu, zinazomzidi kwa namba moja. Dada yangu alinipigia simu usiku kunilalamikia kwamba mtoto aliyepata asilimia 67 anapelekwa kuhesabu boliti. Nimemwambia boliti hizo ni za aina 214, na aliyezihesabu mara ya mwisho alikosea aina tisa.